Kibao cha Veronika

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimemwogesha Veronika, nimemvisha gauni la kitenge, nimemkalisha kwenye kiti cha dirishani. Uji wa ulezi, amemaliza nusu bakuli. "Mwakeye," akaniambia. Ni salamu yetu Waha ya asubuhi, na ilikuwa asubuhi, kwa hiyo leo neno limepata wakati wake. Jana alilisema jioni, wakati ambapo Muha yeyote mwenye adabu husema "mwidiwe". Juzi alilisema alipoungua ulimi kwa chai. Tangu kiharusi cha Desemba hilo ndilo neno pekee lililombakia. Huomba maji kwa hilo. Hulia kwa hilo.

Nimefundisha sarufi ya Kiswahili maisha yangu yote ya kazi. Mke wangu amebaki na neno moja, na halisemi kwa wakati wake. Zamani ningemsahihisha.

Baada ya uji akaomba kibao. Ni kibao cheusi cha darasa la kwanza, cha kushika mkononi. Mkono wa kulia umekufa, huandika kwa kushoto. Akaandika alama zake za hisabati, zile zile za kila siku, akanitazama. Anangoja kitu. Mimi sijui kitu gani. Nikafuta kwa kitambaa, nikampa tena. Akaandika zile zile.

Jumatano, 5 Machi

Yusta amepiga simu kutoka Mwanza. Anataka kumchukua mama yake Pasaka. Kuna daktari wa mazoezi, kuna chumba cha chini, kuna maji ya bomba. Yote ni kweli. Nikamwambia mama yake hajaulizwa. Akasema, "Baba, utamwulizaje mtu anayeitikia kila kitu?"

Hilo nalo ni kweli. Ukimwuliza kama anataka chai, anaitikia kwa kichwa. Ukimwuliza kama hataki, anaitikia vile vile. Yusta anasema akili ya mama imeondoka, na kile kibao ni mchezo wa mkono tu. Amenisihi niache kumpa chaki, vumbi litamwingia kifuani.

Chaki ameishika tangu kabla Yusta hajazaliwa. Sikulisema hilo. Nilikata simu vibaya, bila kuaga.

Alhamisi, 6 Machi

Leo amepiga Skola, dada yake Veronika wa Kibondo. Yeye naye anamtaka. "Mlete nyumbani, shemeji. Huku atasikia sauti anazozijua." Wote wanamvuta. Mimi simvuti. Mimi ninaye.

Jumamosi, 8 Machi

Odetha alikuja. Veronika alimfundisha hisabati sekondari, na bado anamwita Madam. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakiwa watoto. Sasa ni raia, wanalima Rungwe Mpya. Yeye anafundisha vijana kompyuta katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, hurudi huku baadhi ya Jumamosi. Alileta maharage mabichi na maneno mengi. Msichana hodari, ila husema "fresh" mahali pa "vizuri". Nilimwambia. Akasema, "Sawa, Mwalimu, vizuri sana," huku akicheka.

Kisha akakiona kibao. Alipiga magoti mbele ya kiti, akakisoma kwa kidole kama mtu anayesoma jina la nduguye kwenye orodha ya matokeo.

"Mwalimu, nani amesema akili imeondoka? Hii ni sahihi. Kila kitu kiko mahali pake."

Veronika akampigia makofi ya salamu kwa mkono mmoja, juu ya paja. "Mwakeye," akasema. Odetha akalia. Mimi nikaenda jikoni kutazama maharage, ambayo hayakuhitaji kutazamwa.

Jumapili, 9 Machi

Sikusikia mahubiri. Niliwaza jambo moja tu. Ikiwa anachoandika ni sahihi, basi anasema. Ikiwa anasema, basi anaweza kuulizwa anataka kuishi wapi. Na anayepaswa kumwuliza ni mimi, ninayeishi naye, si mgeni wa Jumamosi. Lakini mimi na hisabati tuliachana utotoni kwa uadui. Katika nyumba hii kulikuwa na lugha mbili, yake na yangu, na hakuna aliyeingia ya mwenzake. Tulijiona tumegawana kazi.

Nimemwomba Odetha anifundishe kuzisoma alama zile. Kabla ya Pasaka. Alisema atanipitisha njia ya kompyuta. Hata yeye, kwa Madam alifaulu mitihani, ila alama alizielewa alipoanza kuandika programu, kwa sababu mashine haikubali ukariri. Inafanya ulichoandika, sentensi moja baada ya nyingine. Hapo nilimwelewa.

Jumamosi, 15 Machi

Somo la kwanza. Meza ya kulia chakula, kompyuta mpakato ya Odetha, Veronika dirishani akitutazama.

Herufi ni sanduku lenye jina. Unaweka kitu ndani, unakiita kwa jina la sanduku. Nimeelewa. Halafu akaandika kwamba jumla ni sawa na jumla kuongeza moja. Nikamwambia huo ni uongo, hakuna kitu kilicho sawa na nafsi yake kuongeza moja. Akasema kwenye hisabati ningekuwa na haki, kwa sababu pale alama ya usawa inatoa habari. Kwenye mashine inatoa amri: chukua kilichomo sandukuni, ongeza moja, rudisha. Nikakubali. Amri ninaijua.

Kisha orodha. Vitu vimepangwa mstari mmoja chini ya jina moja, na kila kimoja kina tarakimu ya nafasi yake. Veronika huiandika ndogo, mguuni mwa herufi. Sikujua ile tarakimu ni ya nini. Nilidhani ni pambo, au mkono umeteleza.

Odetha akanionya: orodha inaanza na sifuri. Cha kwanza ni sifuri, cha pili ni moja. "Ukisahau hiyo, Mwalimu, kila kitu kinaharibika." Ni sheria ya ajabu, lakini ni sheria. Nimeikariri.

Jumamosi, 22 Machi

Leo ile alama kubwa, kama herufi M iliyolazwa ubavu. Inaitwa Sigma. Nimeitazama tangu Desemba bila kuijua jina.

Odetha aliifafanua kwa kitanzi, yaani amri inayorudiwa. Sikuelewa. Akarudia. Sikuelewa. Akafunga kompyuta, akaniuliza kwetu mtu huingiaje msibani. Nikamwambia anajua mwenyewe. Akasema, "Niambie tu, Mwalimu, kama mimi ni mgeni wa Dar."

Nikamwambia. Huingii tu ukakaa. Unaanza na aliye karibu na mlango, unainama, unapiga makofi taratibu, unatoa salamu, anakuitikia. Unasogea kwa anayefuata. Hivyo hivyo hadi wa mwisho kwenye mkeka, na ole wako umruke mtu.

"Ndiyo Sigma hiyo," akasema. "Chini wanakuambia uanze na nani. Juu wanakuambia uishie kwa nani. Pembeni ndiyo salamu yenyewe. Wewe unabeba kikapu, kila mmoja anatia kitu, na ukifika mwisho unaangalia umepata nini."

Nilikuwa nimeingia misiba mingi.

Akaandika kwenye mashine kile ambacho Veronika anaandika kila asubuhi: jumla ya namba zote hadi kumi. Mashine ikaanza na sifuri, desturi yake, ikapita kwa kila namba, ikatoa hamsini na tano. Kisha tukachukua ule upande wa pili wa maandishi ya Veronika, ile njia ya mkato: kumi mara kumi na moja, gawa kwa mbili. Hamsini na tano.

Nikamgeukia. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa uso. Hilo ndilo alilokuwa akiningojea nilione. Kwamba bado yumo.

Jumapili, 23 Machi

Siku nzuri iliyoharibika.

Veronika aliandika Sigma yake. Sasa ninaisoma, kwa hiyo nikaona kosa. Chini aliandika kwamba inaanza na moja. Jana mashine ilianza na sifuri na jibu lilikuwa sahihi. Nikachukua chaki, nikafuta moja kwa kidole, nikaandika sifuri. Sikuwa na ukali. Nilimsahihisha kama ninavyomsahihisha yeyote.

Akanitazama. Akafuta sifuri yangu kwa kiganja, akaandika moja, akaikandamiza mpaka chaki ikavunjika. Nikamwambia kwa upole kwamba orodha huanza na sifuri. Akakisukuma kibao kikaanguka chini. "Mwakeye," akasema. "Mwakeye, mwakeye," mpaka mate yakamtoka.

Kibao kimepata ufa pembeni. Nimeandika hapa ili nikumbuke: kuna vitu kiharusi kimechukua, nisimfuatilie kwenye madogo. Kosa la namba moja si kosa kubwa.

Jumanne, 1 Aprili

Hakula. Hakuandika. Mvua. Nimesikiliza redio, mtangazaji amesema "masaa" badala ya "saa" katika taarifa nzima. Sikuwa na mtu wa kumlalamikia. Zamani angeniambia niizime basi, na mimi nisingeizima.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nimemsoma mke wangu.

Odetha amekuwa akinifundisha kwa simu jioni. Wiki hii tulifanya amri ya "kama" na "la sivyo". Mashine inauliza swali, jibu likiwa ndiyo inapita huku, likiwa hapana inapita kule. Asubuhi Veronika akaandika herufi, alama ya usawa, kisha mabano marefu yenye mistari miwili ndani. Nikaisoma kwa sauti, pole pole, kidole kikifuata. Kama namba si hasi, iache ilivyo. La sivyo, igeuze iwe chanya.

Akapiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja. Nikasoma tena. Akapiga tena. Yusta alipokuwa mdogo akifanikiwa kusoma mstari, Veronika alimpigia makofi hivyo hivyo.

Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba. Nina umri huu na nimepigiwa makofi na mwalimu. Nilifurahi kijinga. Ni lazima niliseme hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwuliza.

Yusta anafika Alhamisi. Odetha amebanwa kambini, hakuja, na simu yake haipatikani. Sikuweza kungoja.

Nilipanga vitu vitatu kwenye benchi mbele ya kiti, kutoka kushoto, kwa mpangilio wa maisha yetu. Kikapu cha mama yake, kwa ajili ya Kibondo. Huko tulipangiwa shule ya kwanza, huko alizaliwa Elia, mtoto wetu wa kwanza, na huko amelala. Kisha ufunguo wa nyumba hii ya Kasulu. Mwisho, picha ya nyumba ya Yusta, Mwanza. Nikamweleza kwa maneno, mara kadhaa. Akanyoosha mkono, akagusa kikapu, akagusa ufunguo, akagusa picha. Vyote, kwa zamu, kama mtu anayesalimia. Mkono wake ni kama kichwa chake, unaitikia kila kitu.

Ndipo nikachukua kibao. Nikaandika herufi a, na mguuni mwake nikaacha nafasi tupu. Nikamwonyesha benchi, nikamwonyesha nafasi. Alinitazama muda mrefu sana. Sidhani kama katika ndoa yetu amewahi kunitazama hivyo. Nilikuwa nimemwuliza jambo kwa lugha yake.

Akaandika tarakimu, wima, bila kutetemeka. Moja.

Sifuri kikapu. Moja ufunguo. Mbili picha.

Nikauinua ufunguo, nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka. Na mimi pia. Anabaki. Nilijua atabaki.

Kikapu hakutaka kiondolewe. Amekipakata mpaka jioni. Nimemwachia, mkono unapenda kushika kitu.

Jumanne, 15 Aprili

Nilimpigia Yusta. Nilimweleza yote, orodha, kibao, tarakimu. Akasema, "Kweli alijibu, Baba? Mwenyewe?" Nikasema kweli. Akasema basi atakuja kusherehekea Pasaka tu, hatamchukua. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo na bado anautamani. Nilimpigia Skola pia. Yeye aliuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba hisabati haina "labda".

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kiharusi cha pili. Alfajiri. Yusta ndiye aliyemkuta, alilala chumba kimoja naye. Tumemfikisha hospitali kwa gari la jirani. Hafungui macho. Anakoroma kwa namna isiyo ya usingizi. Muuguzi amesema asisogezwe popote.

Jumamosi, 19 Aprili

Odetha alikuja wodini moja kwa moja kutoka Nduta, mkoba mgongoni, matope hadi magotini. Alimshika Madam wake mkono. Baadaye tukakaa kwenye benchi la nje, mimi, yeye na Yusta. Nikamsimulia lile jambo la Jumatatu. Nilitaka ajue kwamba kazi yake haikupotea, kwamba Veronika aliulizwa na alijibu. Nilisimulia kwa fahari. Kikapu, ufunguo, picha. Moja.

Odetha akaniuliza nilihesabuje.

Nikamwambia: kuanzia sifuri, kama ulivyonifundisha.

Akaushika mkono wangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Mwalimu," akasema. "Sisi wa mashine ndio tunaanza na sifuri. Madam hajawahi kushika kompyuta maisha yake yote. Kwenye hisabati aliyotufundisha, cha kwanza ni moja."

Nikaona kidole changu kikifuta moja yake. Nikaona chaki ikivunjika.

Odetha akaanza kujilaumu, kwamba alipaswa kuniambia, kwamba ile siku ya Sigma kuanzia sifuri hakukubadilisha jibu na kwa hiyo akapita tu. Nikamkataza. Yeye alifundisha alichofundisha. Mwenye mke ni mimi. Mke aliniandikia moja kila asubuhi tangu Desemba.

Yusta aliuliza jambo moja tu. Picha ilikuwa ya ngapi? Nikamwambia ya mwisho, kwa hesabu zote mbili. Akainamisha kichwa. "Basi ni Kibondo," akasema.

Nilirudi wodini nikamwambia sikioni. Kibondo, Veronika. Nimesikia. Nilirudia kwa Kiswahili na kwa Kiha. Alikoroma. Nilimwomba daktari ruhusa ya gari. Hakuwa mkali. Alisema barabarani hatafika mbali.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Amefariki mchana. Yusta alikuwa ameshika mguu, mimi mkono. Ule wa kushoto.

Jumanne, 22 Aprili

Nyumba imejaa. Kaka yangu Lazaro ameleta vijana na majembe, wamekwenda kupima kaburi nyuma ya migomba, pale nilipochagua mwenyewe zamani, nafasi mbili, yake na yangu. Nikawazuia. Nikasema atazikwa Kibondo.

Ikawa kelele. Mke huzikwa kwa mumewe, kila mtu anajua. Wazee walisema nimevurugwa na msiba. Nikawaeleza kuhusu kibao, kwa ufupi. Lazaro akanisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, halafu akasema mbele ya watu, "Kwa hiyo kibao ndicho kinachotoa amri za ukoo siku hizi?" Wengine walicheka chini chini. Sikuwalaumu.

Nikamjibu kwamba kibao hakikutoa amri. Mke wangu alitoa jibu, na mimi nikalisoma vibaya kwa sababu lile nililolisoma ndilo nililolitaka. Sikuwa nimelisema hilo hata moyoni kabla ya pale.

Lazaro akanisogelea, akapunguza sauti. "Na wewe, mdogo wangu? Utalala pale peke yako?"

Nikasema ndiyo.

Aliwatazama vijana. Kisha akawaambia waweke majembe kwenye gari.

Alhamisi, 24 Aprili

Tulimzika jana. Ninaandika nyumbani kwa Skola.

Barabara ilikuwa matope. Tulipofika Makere gari lilisimama, Odetha akapanda na mama yake, mama akiwa na mkeka kichwani. Walikaa nyuma karibu na jeneza. Mama yule hajui Kiswahili kingi, alikuwa akiimba kwa Kirundi, polepole, njia nzima. Niliyaelewa maneno yote, yako karibu sana na ya kwetu. Sikuyaandika.

Skola hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Alisema tu, "Umemleta, shemeji." Uwanja ulikuwa na watu wengi waliowahi kuwa wanafunzi wake, wazee sasa, mmoja ana upara. Niliwasalimu wote, kuanzia aliye karibu na mlango hadi wa mwisho kwenye mkeka. Niliinama kwa kila mmoja, nikapiga makofi, wakaniitikia. Odetha alinitazama kutoka upande wa wanawake. Alijua ninachofanya. Nilipofika mwisho nikaona sina ninachokibeba.

Kikapu tumekizika naye.

Jumapili, 27 Aprili

Kasulu. Yusta amerudi Mwanza. Anataka niende nikae kwake. Ameniuliza vizuri, na akangoja jibu. Nikasema bado.

Nimekaa kwenye kiti chake. Kutoka pale huoni barabara. Unaona meza ya kulia chakula, na mtu aliyekaa mezani. Basi. Nilidhani alikuwa akitazama nje.

Jumamosi, 3 Mei

Odetha alipita. Hakuleta kompyuta. Nikamwuliza kwa nini, akasema hakujua kama bado nataka. Nikamwambia alete. Kuna alama ambazo Veronika aliandika nami nikazifuta kabla sijajua kusoma. Nyingine ninazikumbuka umbo, nataka kujua zilisema nini. Akasema huenda zilikuwa masomo tu, Mwalimu, mambo ya darasani. Nikasema hata kama.

Alipika ugali, tukala. Aliposhukuru alisema "fresh". Sikusema kitu.

Jumatano, 7 Mei

Mvua zinaelekea kwisha. Nimepalilia migomba. Ile nafasi ya pili, iliyokuwa ya kaburi lake, nimepanda maharage. Ardhi haina kosa.

Jumapili, 11 Mei

Nilikwenda Kibondo jana, nimerudi leo. Skola ameng'oa majani na kuzungusha mawe makaburini.

Wamelala kwa mstari. Kwa kuwa yeye ndiye mpya, yuko upande wa njia, ni wa kwanza ukiingia. Anafuata Elia, halafu mama yao Veronika na Skola, halafu wazee ambao sikuwahi kuwajua.

Skola alitaka kunisindikiza, nikamwomba abaki nyumbani. Nilivua kofia. Nikaanza naye. Niliinama, nikapiga makofi taratibu.

"Mwakeye," nikasema.

Ilikuwa alasiri.